Dawa moja husema subiri, nyingine husema achia: homoni za cheri kabla ya mavuno, na linalotuhusu sisi wa Kivu

Wiki chache kabla ya kuvuna, mkulima wa cheri tamu huko jimbo la Washington, Marekani, anaweza kupuliza moja kati ya dawa mbili. Ya kwanza huchelewesha tunda mtini: linakawia kuwa jekundu, linanenepa, linakuwa gumu. Ya pili hulegeza tunda kwenye kikonyo chake, hata mashine ikitikisa shina, cheri zinadondoka zenyewe. Mti ni uleule na msimu ni uleule, lakini matokeo yanapingana kabisa. Na hakuna hata moja kati ya dawa hizo inayoua mdudu wala kurutubisha udongo. Zote mbili ni vidhibiti ukuaji, yaani homoni za mimea au vitu vinavyogeuka kuwa homoni vikishaingia ndani ya mmea.

Cheri hailimwi kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, na sababu ni hali ya hewa. Kabla ya kutoa maua, mti wa cheri lazima ulale kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi kwa saa mia kadhaa, na aina nyingine huhitaji zaidi ya saa elfu moja. Sisi tuko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, karibu na ikweta, na hata usiku wa kiangazi haushuki hivyo. Hata hivyo naandika juu ya cheri kwa makusudi. Mwenye kahawa wa Kalehe na mwenye nanasi wa Idjwi wanauliza mambo yaleyale: je, iko dawa ya kuivisha yote kwa pamoja? Inadhuru anayekula? Mbona kwa jirani ilifanya kazi, na kwangu ikapukutisha majani tu? Kwenye cheri maswali haya yamechunguzwa miaka mingi, na majibu yake yanatusaidia hapa kwetu.

Tuanze na homoni zenyewe. Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu, lakini sehemu zake zinasikilizana. Mzizi unajua jani linakauka, tawi linajua ncha yake imekatwa, tunda linajua mbegu yake imekomaa. Habari hizo hubebwa na kemikali kidogo sana zinazotengenezwa ndani ya mmea wenyewe. Zinazojulikana zaidi ni auksini, jiberelini, sitokinini, asidi ya abisisi na etilini. Kila moja ina kazi nyingi, na kazi itakayofanyika inategemea imefika wapi, lini, na kwa kiasi gani. Hili la mwisho ndilo huwaponza watu wengi. Mbolea ukiongeza kidogo, kwa kawaida mazao nayo huongezeka kidogo. Homoni haifuati hesabu hiyo: kiasi kilekile kikifika wiki mbili mapema, mmea unaweza kufanya jambo jingine kabisa.

Ya ajabu zaidi ni etilini, kwa sababu ni gesi. Mama anayetengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, anaitumia kila mara, hata kama hajawahi kusikia jina lake. Anachimba shimo, analipasha moto, analitandika majani ya mgomba, anapanga ndizi mbichi ndani, anafunika kwa majani mengine na udongo, na mara nyingi anaingiza moshi kidogo. Baada ya siku chache ndizi zote zimeiva kwa pamoja, laini, tayari kukamuliwa. Moshi una etilini. Ndizi zenyewe zinatoa etilini zinapoanza kuiva, na etilini ya moja inaamsha jirani yake. Joto linaharakisha kazi, na udongo unazuia gesi isitoroke. Mwaka 1901 huko Saint Petersburg, Dimitry Neljubow alionyesha kwamba etilini iliyokuwa ndani ya gesi ya taa ndiyo iliyopotosha ukuaji wa miche ya njegere. Mwaka 1934 Richard Gane, huko Uingereza, akathibitisha kwamba matunda yenyewe yanaitengeneza. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kuipa kazi zamani.

Kuna fundo moja hapa ambalo lisipofunguliwa, mengine yote yatachanganya. Matunda ni ya aina mbili. Ndizi, avoka, papai, embe, nyanya na marakuja yakichumwa yamekomaa lakini bado mabichi, yanaendelea kuiva nje ya mti, na etilini ndiyo inayoyasukuma. Cheri, stroberi, zabibu, chungwa na nanasi hayana mwendo huo. Sukari yake inatoka kwenye majani kupitia kikonyo, na siku ulipolichuma tunda ndipo utamu ulipokoma. Linaweza kulainika, linaweza kubadilika rangi, linaweza kuoza, lakini halitaongeza utamu. Kwa hiyo cheri huwezi kuivishia shimoni. Chochote unachotaka kuboresha lazima ukifanye tunda likiwa bado mtini, na ndiyo maana dawa za kabla ya mavuno zina uzito mkubwa kwa mkulima wa cheri.

Cheri hukua kwa hatua tatu. Baada ya ua kuanguka, tunda huongezeka haraka kwa kuzidisha chembe zake, yaani seli. Kisha husimama kwa muda, kwa nje unaweza kudhani mti umegoma, kumbe ndani kokwa linakuwa gumu na mbegu inajijenga. Halafu huvimba tena kwa kasi, huingiza maji na sukari, na kuwa jekundu. Dawa ya kusubirisha, ambayo ni asidi ya jiberelini, hupulizwa hasa pale hatua ya pili inapokabidhi kwa ya tatu. Dalili yake ni rangi: kijani kibichi cha tunda kinafifia, ngozi inaanza kupitisha mwanga, kisha inakuwa ya manjano hafifu kama bua kavu la mpunga. Wakati huo hubaki kama wiki tatu hivi kufikia mavuno.

Mkulima mzuri hupita mstari kwa mstari akiyatazama matunda yenyewe. Tarehe ya kalenda haimtoshi. Tawi la juu lililopigwa na jua liko mbele, tawi la ndani lililo kivulini liko nyuma, na shamba la bondeni halilingani na la mlimani. Anatafuta siku ambayo matunda mengi yamefika rangi ile na wekundu bado haujaanza. Dirisha hilo ni la siku chache. Kipimo cha kawaida ni kati ya miligramu 10 na 30 kwa lita ya maji. Fikiria udogo huo: gramu moja inatosha lita 33 mpaka 100, na bado mti mzima unasikia.

Jiberelini yenyewe iligunduliwa kwa njia ya ugonjwa. Wajapani walikuwa na ugonjwa wa mpunga unaoitwa bakanae, unaoletwa na kuvu: mche unarefuka kupita wenzake, unapauka, unaanguka bila kuzaa. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba si kuvu yenyewe bali kitu inachokitoa ndicho kinachorefusha mche. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta akakipa jina la jiberelini, kutokana na jina la kisayansi la kuvu hiyo. Hadi leo jiberelini ya dukani hutengenezwa kwa kuilea kuvu ya jamii hiyo kwenye matangi.

Kwenye cheri, jiberelini huchelewesha uzee wa tunda. Kuta za chembe zinakawia kulegea, rangi inakawia kuja, kikonyo kinabaki kibichi, na tunda linapata siku kadhaa zaidi za kulishwa na majani. Mavuno yanachelewa kwa siku chache mpaka kama wiki moja. Faida kubwa kwa maoni yangu ni ugumu. Cheri ni tunda linaloumia upesi: ukilibonyeza leo, baada ya siku kadhaa kwenye baridi linaonyesha kishimo. Chile huuza sehemu kubwa mno ya cheri zake China, na nyingi husafiri kwa meli wiki kadhaa kuvuka bahari ya Pasifiki ili ziwahi sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Tunda laini haliiwezi safari hiyo. Na tofauti ya siku chache za kuiva inamwezesha mwenye shamba kubwa kupanga wavunaji: nusu ya miti inapulizwa, nusu inaachwa, kazi haimwangukii yote kwa wakati mmoja.

Gharama zake ni za kweli pia. Siku zaidi mtini ni siku zaidi za kunyeshewa, na cheri iliyokaribia kuiva ikinyonya maji ya mvua hupasuka ngozi. Kule Washington kuna wakulima wanaokodi helikopta ziruke juu ya shamba, upepo wake ukung'ute maji kwenye matunda, ndipo ujue hasara ya mvua moja ilivyo. Jambo jingine ni kwamba jiberelini huzuia kufanyika kwa matumba ya maua. Ukiipuliza mapema mno au kwa kipimo kikubwa mno, unapunguza maua ya mwaka ujao. Mti hausahau.

Dawa ya pili, ya kuachisha, ni etefoni. Yenyewe si homoni. Ni maji yenye kemikali ambayo ikishaingia kwenye chembe za mmea huvunjika na kutoa etilini hapohapo. Kumbuka cheri haiivishwi na etilini, basi inafanya nini? Inaenda mahali tunda linaposhikana na kikonyo. Pale kuna tabaka jembamba la chembe ambazo kazi yake ni kuachana wakati ukifika, na etilini ndiyo inayozipa amri. Kwa cheri chachu za Michigan, ambazo huenda kwenye juisi, jemu na pai, dawa hii hupulizwa wiki moja au mbili kabla ya mavuno. Kisha mashine inalikumbatia shina, inalitikisa sekunde chache, matunda yanaangukia kwenye turubai bila vikonyo. Bila kulegezwa, ingebidi kutikisa kwa nguvu zaidi, na gome la mti likaumia.

Kwa cheri tamu ya kula mbichi hadithi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mnunuzi amezoea kuona kikonyo, na kwa kuwa aina hazifanani. Aina ya Skeena huachia karibu yenyewe ikiiva. Bing hushikilia, lakini ikipewa etefoni inalegea. Chelan hushikilia hata baada ya dawa. Aina tatu za tunda lilelile, dawa moja, majibu matatu. Mtu akikuambia dawa fulani "inafanya kazi kwa matunda", muulize: tunda gani, aina gani, likiwa na rangi gani?

Etefoni ina ukali wake. Kasi ya kuvunjika kwake inategemea joto. Kukiwa na baridi inalala. Joto likipanda karibu nyuzi 30, inatoa etilini nyingi kwa mara moja, na mti unajibu kwa kupukutisha majani na kutoa gundi kwenye matawi. Mti uliodhoofika kwa ukame au ugonjwa unaumia zaidi. Hapo ndipo lilipo jibu la yule anayelalamika kwamba kwa jirani ilikubali na kwake ikamwaga majani: pengine alipuliza saa saba mchana, kwenye mti wenye kiu.

Sababu nyingine ni maji, na hapa nawaomba wasomaji wa Bukavu, Goma na Idjwi wawe makini sana, maana jambo hili ni letu hasa. Etefoni hutulia kwenye maji yenye asidi. Kipimo cha pH, ambacho hupanda kadiri asidi inavyopungua, kikipita 4 au 5, inaanza kuvunjika, na kadiri kinavyopanda ndivyo inavyovunjika haraka. Ndiyo maana inafanya kazi: ndani ya chembe za mmea hakuna asidi kali kama ya ndani ya chupa. Lakini Ziwa Kivu lina maji yenye bikaboneti nyingi, yaani chumvi zinazoua asidi, na pH yake juu ya uso iko karibu na 9. Ukichota bidoni ziwani na kuchanganyia humo, maji hayo yanaweza kuimaliza asidi ya dawa na kuanza kuivunja ndani ya pompa, kabla hujafika kwenye mti. Unapuliza maji, gesi imekwisha kwenda. Jiberelini nayo haipendi maji ya namna hiyo, ingawa huvunjika polepole zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni salama zaidi, na vikaratasi vya kupimia pH si ghali. Changanya kiasi cha kutumia siku ileile, usilaze mchanganyiko.

Kuhusu afya. Homoni ya mmea haifanyi kazi ya homoni mwilini mwa mtu. Ndizi iliyoiva uliyokula asubuhi ilikuwa na etilini yake, na hakuna kilichobadilika kwako. Jiberelini haina sumu kubwa, na Marekani haikuiwekea kikomo cha mabaki kwenye chakula. Etefoni ni tofauti: ina vikomo vya mabaki vya kimataifa kwa kila zao, na ina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, zilizoandikwa kwenye kibandiko. Anayekabiliwa na hatari kubwa ni yule mwenye pompa mgongoni, kuliko mlaji. Dawa ya chupani ni asidi inayochoma macho na ngozi. Miwani, glavu, mikono mirefu, na mtoto asitumwe kuchanganya. Chupa isiyo na kibandiko, iliyomiminwa kutoka kwenye dumu dukani, msiinunue. Hamjui kipimo, na kwenye homoni kipimo ndicho dawa yenyewe.

Na ile kabaidi ya wachomelea vyuma isiletwe karibu na matunda. Ikikutana na maji hutoa asetilini, gesi inayoiga etilini kwa unyonge, lakini kabaidi ya kiwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Nchi nyingi zimepiga marufuku kuivishia matunda kwa njia hiyo. Shimo la kasiksi linafanya kazi bora kuliko hiyo.

Sasa kahawa. Arabika yetu huchanua kwa vipindi, kila mvua nzuri inapofuata ukavu, kwa hiyo tawi moja linabeba kahawa za kijani, za manjano na nyekundu kwa pamoja. Kuchuma nyekundu tu kunalazimu kurudi kwenye mti uleule tena na tena, na kazi hiyo huwaangukia zaidi akina mama. Brazil, kwenye mashamba makubwa yanayovunwa na mashine, hutumia etefoni ili kahawa ziive karibu kwa wakati mmoja. Naelewa kabisa kwa nini mtu wa Kalehe akisikia hivyo anatamani.

Lakini angalia etefoni inachokigusa. Inaharakisha ganda na nyama ya nje. Mbegu ya ndani, ambayo ndiyo kahawa yenyewe, haikimbizwi hivyo. Ikipulizwa kwenye tunda ambalo mbegu yake bado changa, utapata kahawa nyekundu kwa nje na changa kwa ndani. Kwenye kituo cha kuoshea kahawa, jicho la mchambuaji linategemea rangi. Tunda la kijani linaonekana, linatolewa. Tunda lililopakwa wekundu kwa dawa linapita, linachanganyika na zuri, na ladha yake chungu inajulikana kikombeni, baada ya kulipiwa. Wabrazil hungoja mpaka sehemu kubwa ya matunda yawe yamekomaa ndani ingawa bado ni ya kijani, na kwa sababu shamba lao huchanua kwa karibu zaidi, wanaweza kuipata siku hiyo. Kwetu, ambako maua huja kwa mafungu mengi, siku moja inayofaa mti mzima haipatikani. Ongeza majani yanayopukutika, ambayo ndiyo chakula cha msimu unaofuata. Kwa shamba dogo la familia linalouza kahawa ya kuoshwa kwa bei ya ubora, mimi nasema msiiguse. Fedha hiyo iende kwenye kupogoa miti mizee na kumlipa vizuri anayerudi kuchuma mara ya tatu.

Nanasi la Idjwi ni habari nyingine, na hapa etefoni ina kazi ya maana, ila si ile inayodhaniwa. Ikipulizwa siku chache kabla ya kuvuna, inabadilisha ganda kutoka kijani kuwa manjano, na ndani sukari inabaki palepale. Huko ni kumdanganya mnunuzi wa soko la Kadutu, na atakumbuka. Kazi nzuri iko miezi mingi kabla: kulifanya shamba lichanue kwa wakati mmoja. Nanasi ni mmea wa ajabu, kwa sababu etilini huliamrisha litoe ua. Wakulima wa visiwa vya Azores waligundua hilo kwa moshi ndani ya nyumba za vioo. Leo hutiwa etefoni iliyochanganywa na maji, takriban mililita 50 kwenye moyo wa kila mmea, na mara nyingi huongezwa urea, na chokaa kidogo ili kupandisha pH kwa makusudi, gesi itoke palepale kwenye moyo. Kinachoharibu dawa ndani ya pompa ya kahawa ndicho kinachoitumikisha hapa.

Ifanywe jioni au alfajiri, kwa kuwa nanasi hufungua vitundu vya majani yake usiku. Ifanywe kwa mmea ulioshiba tu, wenye majani 30 au zaidi yaliyonyooka, kwa sababu mmea mdogo nao utatii na kutoa nanasi dogo. Ua huanza kuonekana moyoni baada ya wiki sita mpaka nane hivi, na kutoka siku ya kutia dawa mpaka kuvuna kwenye nchi ya joto ni miezi mitano au sita. Kwenye miinuko ya Idjwi, ambako kuna ubaridi, hesabuni zaidi ya hapo, muandike tarehe kwenye kibao mwanzoni mwa kila mstari, na mwaka wa kwanza mtie mstari mmoja tu.